Kidole cha Mtukufu

“Hauumi,” Mlekwa alisema. “Nakwambia kwa mara ya mwisho, dada Siwatu, na nakuomba usinipandishie sauti mbele za watu. Mkono wa Mbwana hauumi.”

“Umeushika mwenyewe ukaona,” Siwatu akamjibu. “Unakwenda huku na huku kama soksi kwenye kamba. Na hiki cheupe kilichotokeza hapa ni nini? Kipande cha muhogo?”

“Mfupa nauona. Mfupa ni habari ya mfupa. Sisi tunazungumzia maumivu, na maumivu ni tatu.”

“Tatu nini?”

“Tatu ya Kipima. Chini ya kumi hakuna maumivu, kuna hisia binafsi.”

Mbwana, ambaye ndiye mwenye mkono, alikuwa amelazwa kwenye mkeka katikati ya ua, anatoa sauti ambayo sitaki kuieleza, maana wapo wanaosoma huku wanakula.

“Basi mwambie anyamaze,” Siwatu akasema. “Si wewe ndiye mtaalamu? Mwambie haumwi.”

Mlekwa akachuchumaa, akarekebisha ukosi wa koti lake la bluu, akasema kwa upole kabisa, “Ndugu Mbwana, huumwi.” Mbwana akaendelea kulia. Mlekwa akatugeukia sisi wapangaji, kwa uso wa fundi ambaye redio aliyoitengeneza imekataa kushika stesheni.

Nisimwonee Mlekwa. Alikuwa jirani mwema. Ua wetu, ule wa Bi Chiku, una vyumba vingi na choo kimoja, na mtu mbaya hudhihirika mapema sana kwenye foleni ya choo. Yeye alikuwa anampisha kila mtu. Kisha serikali ikamteua kuwa Afisa Uhakika wa mtaa, ikampa koti na Kipima: boksi la ukubwa wa mkate wa boflo, waya, na pete ya kuvisha kidoleni. Toka siku hiyo akawa hampishi mtu chooni mpaka ampime kwanza.

*

Kwa msomaji anayetoka nchi ambako mambo bado hayajaendelea, nieleze Kipima kilivyokuja.

Mtukufu wetu alikuwa amechoka kudanganywa. Kila alikopita wananchi walimlalamikia: huyu mgongo, huyu tumbo, huyu kapigwa kituoni. Nani anaumwa kweli na nani anajidekeza, hakuna aliyejua. Ikaundwa Wizara ya Uhakika, na Waziri wake, Profesa Injinia Ndimbwelu, akatangaza redioni falsafa mpya ya taifa. Ilikuwa fupi ili sote tuimudu. Kilichopo ni kile ambacho mashine inakiona. Ambacho mashine haikioni hakipo. Na mtu akikiona kile ambacho mashine haikioni, huyo ndiye apimwe. Makofi.

Mashine zikashushwa bandarini, nzuri, zinang'aa. Ikabaki shida moja. Mafundi wa kigeni walisema kila mashine lazima ifundishwe kwanza maumivu kamili ni yapi, yaani mia, ili mengine yote yalinganishwe nayo. Wakaomba waletewe mfungwa mmoja. Waziri akakasirika sana. Mfungwa awe kipimo cha taifa? Kipimo cha taifa ni Mtukufu. Sawa, lakini nani atamuumiza Mtukufu? Ikabidi mafundi wakae Ikulu, pete iko kidoleni mwa Mtukufu, wanasubiri Mungu alete. Walikaa mpaka wakanenepa. Siku moja Mtukufu, akitoka kuoga, akajigonga kidole kidogo cha mguu kwenye tembo wa marumaru aliyezawadiwa na nchi rafiki. Namba kwenye kioo cha mashine ikaruka. Mtukufu akakaa chini, akatamka maneno ambayo redio ya taifa ilieleza kuwa ni sala. Mafundi wakakumbatiana. Ile ndiyo ikawa mia.

Tembo yule alipelekwa uwanja wa taifa, akapigwa nyundo mbele ya watoto wa shule mpaka akawa unga, na unga nao ukapigwa.

Toka hapo kila jeraha nchini likawa linalinganishwa na kidole kile. Kuvunjika mguu, nne. Kung'olewa kucha, saba. Kuzaa mapacha, kumi na moja, nusura kukataliwe. Haya yote yalipatikana kwa utafiti, uliofanyika kwenye jengo lisilo na madirisha, na wanaokaa jirani na jengo lile walisikia sayansi mchana kutwa.

Faida zake zilionekana upesi. Uhalifu wa kupiga watu ulikwisha kabisa nchini, kwa kuwa hakuna tena aliyeumia. Askari ambao zamani walimvuta mtu nyuma ya kituo ndipo wampige, sasa walimpigia palepale barabarani, kivulini, bila haraka. Wengine walikuwa na adabu zao. “Samahani kaka,” anakwambia, rungu liko juu, “hii haizidi mbili.” Ukienda ofisi ya ardhi unapigwa kwanza, kisha unaulizwa shida yako. Benki walikuwa na dirisha maalumu la wazee, ili wapigwe wakiwa wamekaa.

*

Kikabaki kikwazo kimoja, nacho ni neno pole.

Sisi ni watu wa pole, msituone hivi. Mtu akijikwaa, pole. Akibeba ndoo, pole. Akinyeshewa, pole. Akirudi kazini anapewa pole na kazi, hata kama kazi yenyewe ni kulala getini kwa Mhindi. Waziri Ndimbwelu alipoletewa taarifa hizi inasemekana aliagiza zisomwe mara ya pili. Alikuwa amegundua kwamba taifa zima, usiku na mchana, linathibitisha maumivu kwa mdomo mtupu.

“Neno hili ni uchawi,” akatuhutubia. “Mtu asiye na kifaa wala cheti anamtazama mwenzake usoni na kudai anajua yaliyomo ndani yake. Kwa njia gani? Kwa waya upi, ndugu wananchi?” Makofi. Sheria ikapita siku hiyohiyo: marufuku kumpa mtu pole kabla hajapimwa. Ukimwona mwenzio kaanguka, uulize, “Umepimwa?” kisha uendelee na safari.

Mbwana alikuwa fundi baiskeli, kijiwe chake kando ya soko. Siku hiyo dada mmoja alipita mbele yake na ndoo kichwani, akajikwaa kwenye jiwe, ndoo ikamwagika yote. Mbwana, mikono imejaa grisi, hata kichwa hakuinua. “Pole dada,” akasema, kama ambavyo wewe au mimi tungesema.

Askari wawili wakamrukia. Rungu la pili lilitua mkononi, na sisi tuliokuwa sokoni tulisikia mlio kama wa muhogo mkavu unaovunjwa. Muuza karanga, bahati mbaya, alikuwa karibu. “Pole kaka,” akamwambia Mbwana. Wakamwacha Mbwana, wakamgeukia muuza karanga. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akampa pole muuza karanga. Wakamgeukia mama. Kinyozi akatoka nje pamoja na mteja wake aliyenyolewa nusu, wakampa pole yule mama kwa pamoja, wakapigwa kwa pamoja, mteja akipigwa ule upande ulionyolewa. Wauza nyanya wakampa pole kinyozi. Wachukuzi wakawapa pole wauza nyanya. Hakuna aliyekusudia kuvunja sheria, nawaapia. Neno lilikuwa linatoka lenyewe, kama chafya.

Ikafika mahali soko zima limekaa chini, linavuja damu, na askari wamebaki wima peke yao, mashati yamewaganda mwilini, mmoja ameegemea nguzo anahema. Ndipo akapita Bi Chiku, mwenye nyumba wetu, na fungu lake la mchicha. Akawatazama wale vijana.

“Poleni na kazi, wanangu,” akasema.

“Tumeshapoa, bibi,” yule wa kwenye nguzo akajibu.

Mwenzake akamtazama kwa mshangao. Kupokea pole bila kipimo nako ni kosa, tena kwa askari ni maradufu. Akamshukia na rungu. Wakashikana wao kwa wao, na walipigana vizuri kuliko walivyotupiga sisi, maana kila mmoja alikuwa amesomea. Bi Chiku akapata nafasi ya kumkokota Mbwana na kumpakia kwenye mkokoteni wa wachukuzi, mchicha juu ya kifua.

*

Ule mkokoteni ndio ulioingia uani kwetu, na ugomvi nilioanza nao ndio uliofuata.

Siwatu ndiye dada wa Mbwana, mkubwa wake, aliyemlea baada ya wazazi kufariki. Anapika wali na maharage barazani, na mkono wake wa mwiko unaujua ukiwa mteja asiyelipa. Alikuwa anataka kitu kimoja, na sikuona akitaka kingine chochote mpaka mwisho wa habari hii: Mlekwa, kwa kuwa ndiye serikali ya karibu, atamke kwamba mdogo wake ameumia. Hospitali haimpokei mgonjwa mwenye tatu. Lakini neno la mtu mwenye koti la bluu lingetosha kumpitisha getini.

“Tamka tu,” akamwambia. “Mdomo ni wako.”

“Mdomo ni wangu, koti ni la serikali.”

Bi Chiku akavuta kigoda. “Mlekwa mwanangu, njoo hapa. Hicho kisanduku kinapima nini hasa?”

“Mapigo ya moyo, bibi. Jasho. Joto la ngozi. Na umeme fulani ambao hata mimi sikufundishwa.”

“Na Mbwana yuko wapi humo?”

“Mbwana ndiye hayo.”

“Mbwana ndiye jasho?”

“Bibi, ukiondoa mapigo, jasho, joto na umeme, kunabaki nini?”

“Anabaki mdogo wake Siwatu. Anabaki yule anayekujazia upepo baiskeli kila ukitoka, na kukuita shemeji wakati hujaoa dada wa mtu. Kiambie kipime hilo.”

“Hilo halipimiki.”

“Kwa hiyo halipo.”

“Sikusema mimi. Kasema Waziri.”

Tukacheka kidogo, na kicheko kikamuuma. Akasimama.

“Mnaniona mnyama,” akasema. “Mimi mama yangu aliumwa tumbo, nikampeleka zahanati. Mganga akatazama kanga yake ilivyochanika, akasema huyu anajidekeza, akae kwenye benchi. Akafia kwenye benchi. Na mtaa huohuo binti wa tajiri akikohoa tu, daktari anafuatwa na gari. Sasa hii,” akagonga boksi, “haitazami kanga ya mtu. Haijui nani tajiri. Ndiyo maana naipenda, kama mlikuwa mnataka kujua.”

Karibu kila mtu pale uani alikuwa na benchi lake la namna hiyo.

“Haijui nani tajiri,” Bi Chiku akasema. “Inajua nani ana kidole.”

Siwatu alipompakia mdogo wake tena na kuanza kuuvuta mkokoteni kuelekea hospitali, Mlekwa ndiye aliyekwenda kushika nyuma, nasi tukafuata.

*

Hospitali yetu kuu ilikuwa safi kuliko wakati wowote. Vitanda vimetandikwa, manesi wanacheza karata, kwa sababu taifa halikuwa na mgonjwa. Wakubwa wa hospitali wakaona aibu, madaktari wamesoma nje halafu hawana kazi. Wakaanzisha getini Kitengo cha Upandishaji.

Walikuwa vijana wakakamavu, makoti meupe, marungu yao yameoshwa kwa dawa. Mmoja akatujia na tabasamu.

“Karibuni. Mgonjwa ana ngapi?”

“Tatu,” Mlekwa akasema.

“Tatu ni ndogo, lakini msikate tamaa. Jana tulimpokea mtu wa moja, leo yuko wodini. Kwa kawaida tunaanzia nyayo.”

“Mnataka kumpiga mgonjwa?” Siwatu akauliza.

“Hatumpigi, mama. Tunampandisha. Akifika kumi anaingia, na humo ndani kuna daktari bingwa wa mifupa, mikono yake laini kama pamba.”

Pembeni yetu mzee mmoja aliyekuja kwa ajili ya jino alikuwa ameshafika tisa, ukoo wake umemzunguka unamtia moyo. “Vumilia baba,” mwanawe alikuwa anasema, “bado goti moja tu.” Wakampiga goti. Akapata kumi na mbili, ukoo ukashangilia, akaingizwa ndani kwa machela akiwa amezimia, na jino lake mdomoni.

Mbwana akainua kichwa kwenye mkokoteni. “Dada,” akasema, “waache tu. Nipande.”

Siwatu akamshika Mlekwa ukosi. “Sema ameumia. Nakuomba kwa roho ya mama yako aliyefia kwenye benchi. Wewe ukisema wanampitisha.”

Mlekwa alikuwa anatazama boksi. Midomo yake ilicheza. Nilikuwa karibu, niliiona. Kisha namba ikabadilika.

“Mbili,” akasema. “Dada Siwatu, inashuka. Anapata nafuu.”

Wale vijana hawakutaka mteja awaponyoke. Rungu la kwanza likatua kwenye unyayo, la pili likafuata. Mbwana hakulia tena kama mwanzo. Namba ikawa moja. Siwatu akajitupa juu ya miguu ya mdogo wake, rungu la tatu likamkuta yeye mgongoni, la nne pia, kwa sababu kijana alikuwa ameshika mwendo. Ndipo boksi likawaka taa ya kijani, likapiga mwanzo wa wimbo wa taifa, na kwenye kioo yakatokea maandishi: SIFURI. HONGERA, HUNA MAUMIVU.

Geti zima likapiga makofi. Mlekwa naye akapiga, mara mbili, kisha mikono yake ikabaki hewani.

Siwatu akamfumba Mbwana macho.

*

Sasa mjue kwamba nchini mwetu hakuna aliyewahi kufika sifuri pete ikiwa kidoleni. Mtukufu mwenyewe, akiwa amelala, anapata moja. Habari zikapanda kutoka getini hadi Wizarani, na Wizara ikasimamisha mazishi. Asubuhi yake wakaja askari uani kutuandaa kwa ujio wa Waziri Ndimbwelu, ambaye alikuwa anakuja kuipongeza familia.

Kututayarisha kwenyewe kulikuwa hivi: aliyekutwa analia alipigwa mpaka anyamaze, na aliyekutwa kanyamaza sana alipigwa ili achangamke. Waliovaa kanga za msiba walivuliwa, wakavishwa fulana zenye picha ya kidole. Shangazi wa marehemu, aliyetoka mbali na hakuwa na habari ya mambo ya mjini, aliingia getini na kilio kama ilivyo desturi. Wakampiga kwenye mlango, akaanguka, akaulizwa kama anashangilia au vipi. Redio ya taifa ikatandaza nyaya zake juu ya mikeka. Siwatu alikuwa amepanga mafiga matatu katikati ya ua, akainjika sufuria kubwa la maharage, kwa kuwa watu wamekuja kumzikia ndugu yake na watu hula. Mgongo wake ulikuwa umevimba, haukumruhusu kuinama, akawa anakoroga amesimama wima kama askari wa gwaride.

Mlekwa alisimamishwa karibu na jeneza, koti limepigwa pasi, Kipima mikononi. Yeye ndiye aliyekuwa ametoa sifuri ya kwanza. Alikuwa apandishwe cheo.

Waziri akaja na matarumbeta. Ni mtu mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu.

“Ndugu wananchi,” akaanza, “walikuwepo wanafalsafa wa kizamani waliosema ndani ya mtu kuna kitu. Wengine wakakiita roho, wengine utu, wengine nafsi. Tuliwaomba watuoneshe kwenye kioo. Wakashindwa. Leo nawaonesha mimi.” Akamgusa Mbwana kifuani kwa fimbo yake. “Huyu hapa ndiye raia kamili. Hadai. Halalamiki. Hana njaa, hana homa, hana swali. Tuna mpango wa miaka mitano wa kulifikisha taifa zima hapa alipofika.”

“Mheshimiwa,” Siwatu akasema kutoka kwenye sufuria, “huyo amekufa.”

“Mama, usituchanganyie mada.”

“Aliumia, ndipo akafa. Nataka mtu mmoja wa serikali aseme aliumia.”

Askari akampiga ngumi ya mdomo. Akatema damu pembeni, si kwenye maharage, akaendelea kukoroga.

Waziri akatabasamu kwa ajili ya wapiga picha. Mmoja wao akamwomba arudi nyuma kidogo ili yeye na marehemu waingie pamoja kwenye picha. Akarudi hatua. Akaombwa tena, akarudi tena. Kisigino kikagonga figa, na Profesa Injinia Ndimbwelu akakaa kwenye sufuria la maharage yanayochemka, wima kabisa, kama mtu anayekalia kiti chake bungeni.

Ukelele alioutoa sijawahi kuusikia, na mimi nimekaa karibu na lile jengo lisilo na madirisha.

Hapo ndipo lilipotokea kosa ambalo Wizara ililichunguza baadaye mpaka ikachoka. Ua mzima, waliovunjwa meno na waliovimba macho, shangazi aliyelala mlangoni, wapiga matarumbeta, hata askari wawili watatu, tulifungua midomo kwa pamoja. “Pole, Mheshimiwa.” Hakuna aliyekuwa na huruma naye, kama mnataka ukweli, kijana wa matarumbeta alikuwa anacheka huku anasema. Lakini mtu alikuwa ameungua mbele yetu. Na sauti ya kwanza kabisa, kabla ya zetu zote, ilikuwa ya Mlekwa. Alikuwa amelitupa boksi chini, amemshika Waziri makwapani, anamtoa kwenye sufuria na kurudia, “Pole, pole, pole baba.”

Redio ilikuwa hewani. Afisa mmoja wa Wizara akaliokota boksi, akamvisha Waziri pete.

“Sita,” akasoma kwenye maikrofoni, na baada ya kusoma ndipo akatambua amesoma nini.

Nyama ya mapaja ya Waziri ilikuwa inachubuka na suruali. Alitazama boksi, akatazama maikrofoni, machozi yanamdondoka kidevuni. Angesema nini? Falsafa ni yake. “Kama mlivyosikia, ndugu wananchi,” akasema kwa sauti ya mbuzi, “sijaumia. Ni hisia binafsi.” Akamaliza hotuba yote, pamoja na sehemu ya umwagiliaji, amesimama mguu mmoja. Nyaya za redio zilipokunjwa tu, akamnyooshea Mlekwa kidole.

Walimpigia palepale uani. Kosa la kwanza, ametoa pole bila kipimo, tena akiwa na kipimo mkononi. Kosa la pili, boksi lake limempa Waziri sita. Walimvua koti kwanza ili lisiharibike. Walipiga mbavu, wakapiga mgongo, wakamkanyaga vidole kimoja kimoja, na walipomaliza wakamvisha pete yake mwenyewe kwenye kidole kilichokuwa bado kinaingia pete. “Nne,” wakasema. “Hana kitu.” Wakaondoka na Waziri wao, amelazwa kifudifudi kwenye kiti cha nyuma cha gari, na boksi na sufuria wakaondoka navyo.

*

Tukamzika Mbwana jua likiwa bado juu. Tuliokuwa na miguu mizima tulibeba, wengine wakafuata kwa mikono ya wenzao. Tulimlilia njia nzima kwa sauti, na hakuna askari aliyetokea. Nasikia walikuwa wameitwa wote kwenda kulipiga sufuria.

Tuliporudi, majirani wa ua wa pili walikuwa wamepika wali na kuutandaza kwenye masinia. Nyumba ilijaa kama ninavyopenda mimi nyumba ijae, watu mpaka kwenye vizingiti, shangazi anahadithia alivyopigwa, kinyozi anamsahihisha. Mlekwa peke yake alikuwa nje, amekaa chini ukutani karibu na mfereji, jicho moja limefunga, vidole amevipakata kama vitu vya mtu mwingine. Watu walikuwa wanampita kwenda kunawa. Hakuna aliyempa pole, na nadhani safari hii haikuwa kwa sababu ya sheria.

Siwatu akatoka na mwiko. Sote tukaacha kutafuna. Akasimama mbele yake, naye akainua uso, na Siwatu akamchapa mwiko wa shavu, wa nguvu zote, mpaka chembe za wali zikaruka ukutani.

“Imeuma?” akamuuliza.

Mkono wa Mlekwa ukatapatapa ubavuni, pale boksi lilipokuwa linaning'inia siku zote. Hakukuwa na kitu.

“Imeuma,” akasema.

“Sana?”

“Sana, dada.”

“Nimekuamini.” Siwatu alikuwa anahema. “Na Mbwana?”

Mlekwa akaanza kulia, kwa sauti ileile ambayo mwanzoni nilikataa kuieleza. “Mbwana aliumia,” akasema. “Niliona. Tokea pale kwenye mkeka niliona. Aliumia sana.”

Siwatu akageuka kutazama kama sisi tumesikia. Tulikuwa tumesikia. Akaufuta mwiko kwenye kanga, taratibu, upande huu na upande huu.

“Sijakusamehe,” akamwambia. “Ingia ndani. Hivyo vidole hutaweza kumega, utalishwa na Bi Chiku. Ingia ule.”